Boneti Iliyogoma Kutoka

Kila siku akitoka shule, Pilipili alipitia kwanza karakana ya mama yake. Alivaa ovaroli kuukuu iliyokunjwa miguuni, akafunga barakoa, akauliza leo kuna kazi gani. Jina la Pilipili alipewa na wenzake darasani, na hawakulitoa jikoni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye ngumi nyepesi. Ukimtania asubuhi, mchana unatafuta jino lako.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kalibu, alikuwa fundi wa kalibu za magari. Kiwanda kinapotaka kutoa gari jipya hakianzi na magari elfu. Kwanza linaundwa gari moja la majaribio. Kila kipande cha bodi kinachongwa kwa mbao na kulainishwa, na huo ndio mfano. Juu ya mfano inatengenezwa kalibu, ganda gumu linaloshika umbo lake. Ndani ya kalibu ndipo kinapozaliwa kipande chenyewe: unatandaza kitambaa cha nyuzi za kioo, unakipaka gundi, na gundi ikikauka kinakuwa kigumu kama bati. Kiwanda hakifanyi yote hayo chenyewe. Kazi nyingine hupewa mafundi wa nje.

Safari hii kiwanda kilitaka boneti, na kilizipa karakana mbili zijaribu. Itakayotoa boneti safi ndiyo ingepewa kazi ya kalibu zote za gari hilo litakapoanza kutolewa kwa wingi. Nyingine ingebaki kutazama. Karakana ya Mama Kalibu ilikuwa imekaa muda mrefu bila kazi ya maana, na mashine mbili zilikuwa zimeshauzwa.

"Leo unapaka nta," Mama alimwambia Pilipili siku ya Jumatano. "Mara sita. Unapaka, unasubiri ikauke, unasugua mpaka ing'ae, halafu unarudia. Ukiruka, boneti itaing'ang'ania kalibu, na hapo hakuna wa kuitoa."

"Mara sita, mama? Si inang'aa hata kwa mara moja?"

"Jicho halioni tofauti. Gundi inaiona."

Mama akatoka kwenda kununua kitambaa. Pilipili akapaka mara ya kwanza, akasugua. Akapaka ya pili, akasugua. Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi pale sauti iliposikika langoni.

"We fundi! Mama yako amekupa sufuria kubwa hivyo ya kusugua?"

Alikuwa msichana wa darasa lake, aitwaye Mdomo, na jina lilimkaa vizuri.

"Ondoka hapo."

"Nisipoondoka? Karakana yenyewe inafungwa. Baba kasema mtauza mpaka milango."

Pilipili alitupa kitambaa cha nta, akavuka lango kama risasi, akamrukia. Walianguka wote wawili kwenye vumbi. Mdomo alimshika nywele, Pilipili akamuuma mkono. Goti likampiga Pilipili puani, damu ikachuruzika hadi kidevuni. Kufumba na kufumbua Mdomo alikuwa amemkalia kifuani, anamjaza mchanga mdomoni kwa kiganja.

"Haya, sema tena niondoke! Sema!"

Muuza matunda wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyewatenganisha, kwa kumvuta kila mmoja sikio. Pilipili alirudi ndani, akanawa, akakaa sakafuni kwa hasira. Muda ukaenda. Hakushika nta tena.

Jioni akaingia Kimya, mfanyakazi kijana aliyebeba ndoo ya gundi na kitambaa alichonunua Mama. Huyu alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika.

"Pua hiyo?"

"Nimejigonga."

"Nta umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Zote sita?"

"Sita, Kaka Kimya! Unataka nikuhesabie?"

Kimya aliitazama kalibu. Iling'aa. Akaanza kutandaza kitambaa na kupaka gundi.

Ijumaa Pilipili alipofika alisikia vishindo akiwa bado barabarani. Ndani, mjomba wake, ambaye watu walimwita Nyundo, alikuwa akigongelea kabari za mbao kati ya boneti na kalibu. Jasho lilimtiririka. Boneti haikusogea hata unywele. Akaweka nyundo ya mpira chini, akachukua ya chuma.

"Taratibu, Nyundo," Mama alisema. "Taratibu!"

Paa! Kalibu ikapasuka katikati, na kipande chake kikaruka kikamchana mjomba shavuni. Boneti nayo ilikuwa imeng'oka robo, iliyobaki imeshikana na kalibu kama ngozi na nyama. Kazi ya wiki tatu ikawa takataka. Mhandisi wa kiwanda alikuwa anakuja kesho yake.

Mama alimgeukia binti yake. "Nta ulipaka mara sita?"

Angesema ukweli, ingebidi aseme pia alikokwenda, na jinsi alivyolishwa mchanga kama mtoto mchanga.

"Ndiyo, mama. Sita."

"Basi ni gundi!" mjomba alinguruma. "Na gundi ameichanganya nani?"

Kimya akafungua kinywa. Ngumi ikawahi. Aliyumba, akaangukia meza, makopo yakamwagika.

"Wale wenzetu wamekutuma, siyo? Umetumwa utuharibie!"

"Sijatumwa, bosi. Nime—"

Teke likamkata maneno. Mama alimshika mdogo wake mkono, lakini Nyundo akamkumba, Mama akadondoka juu ya mbao. Nyundo alimkwida Kimya shingoni, akamburuta mpaka nje ya lango, akamsukumia barabarani huku akipaza sauti: "Mwizi! Mwizi huyu! Amemmaliza dada yangu!"

Neno hilo lina miguu. Kabla Kimya hajainuka, watu walishamzunguka. Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Mmoja alimpiga kibao, mwingine akamvua kiatu akampiga nacho. Mtu alileta ubao wenye misumari. Mdomo alikuwa pale, amepanda juu ya jiwe apate kuona vizuri. Kimya alijikunja, mikono kichwani, damu ikimtoka mdomoni. Hakulia. Jiwe la kwanza likapita juu yake. La pili likampata mgongoni.

Pilipili alisimama langoni. Alijua kabisa kuwa dakika mbili zijazo zingetosha kumuua mtu. Akapiga moyo konde, akapenya kati ya miguu ya watu, akamlalia Kimya juu. Jiwe la tatu lilimpata yeye begani. Alihisi mfupa ukilia.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Hajaiba kitu! Nta nilipaka mara mbili, nikaenda kupigana! Huyo hapo juu ya jiwe alinipiga, alinilisha mchanga, nikaona haya kusema! Kaka Kimya aliniuliza, nikamdanganya! Nipigeni mimi!"

Ubao wa misumari ukabaki hewani. Mama akafika anachechemea, akamnyang'anya mwenye ubao.

"Mmesikia. Mnamuua mtu kwa sababu ya nta," alisema. "Nani bado anataka kupiga? Aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza. Walitawanyika huku wakipangusa mikono, kila mmoja akijifanya alikuwa anapita tu.

Zahanati walimshona Kimya nyuzi tano mdomoni. Pilipili alifungwa bega. Mama alimpigia simu mhandisi akamweleza jambo lilivyokuwa, bila kupunguza. Mhandisi akasema, "Wenzenu walileta jana. Boneti yao imepinda. Nawapa wiki mbili, mama. Siongezi siku."

Mfano wa mbao ulikuwa mzima, kwa hiyo wangeweza kutoa kalibu nyingine. Lakini mikono ya Mama na mjomba peke yake isingetosha, na Kimya alikuwa kwake, hataki kumwona mtu. Mama alimfuata.

"Nitarudi," Kimya alisema kwa shida, mdomo umevimba. "Ila huyo aliyenipeleka barabarani anirudishe barabarani. Watu walewale wasikie."

Mjomba Nyundo alikataa siku nzima. Kesho yake asubuhi alitoka langoni, bandeji shavuni, akasimama na Kimya mbele ya maduka. "Ijumaa nilimwita huyu kijana mwizi," alisema. "Nilisema uongo. Hasira zangu zilikaribia kumuua. Mwizi hakuwepo." Muuza matunda aliinamisha kichwa. Aliyempiga Kimya kwa kiatu alikwenda kukichukua alikokitupa, akakirudisha.

Kalibu mpya ilipokuwa tayari, Pilipili alipaka nta kwa mkono mmoja, mara sita, Kimya amekaa pembeni akimtazama.

"Nisamehe, Kaka Kimya."

"Bado," alisema. "Pale kona hujasugua."

Siku ya kufungua, mjomba aligonga kabari moja tu. Boneti ikatoa mlio, ikainuka. Mhandisi aliikagua, akapitisha kiganja ukingoni, akaipima kwenye gari la majaribio. Ilikaa. Kazi ya kalibu zote wakapewa wao.

Watu walipoondoka, Mama alimkalisha binti yake na mdogo wake kwenye benchi moja, kama watoto wawili.

"Sikilizeni nyote," alisema. "We Pilipili, uliruka kazi kwa sababu ya ngumi, ukadanganya kwa sababu ya haya. Uongo wako ulikuwa mdogo, wa maneno mawili, na ulimtoa mtu damu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama watu watakucheka. Kicheko hakishonwi nyuzi. Na wewe, Nyundo, mtu mzima anauliza kwanza. Kalibu iliyopasuka tumeitengeneza upya. Kimya angekufa pale barabarani, mngemtengeneza kwa mfano gani?"

Mjomba alitazama ngumi zake, kisha akazifungua.