Aliyeitikia Rozari

Msinibishie. Haya yalimpata Luzviminda, tuliyekuwa tukifua naye kisima kimoja kule kisiwani Samar. Kimbunga kilipotangazwa, sote tulikimbilia shule ya mlimani. Yeye akageuka kurudi nyumbani, kuchukua rozari ya marehemu mama yake.

"Shemeji, huyo Mungu wako anajua kuogelea?" Rogelio, mdogo wa mumewe, akamfokea. "Ukizama usituite!"

Maji yakamkuta ndani. Akapanda juu ya dari, akafunga kifuniko. Mchana ukawa giza totoro. Akapiga magoti, akaanza: "Salamu Maria, umejaa neema..."

Chini ya mbao, sauti nzito ikamwitikia: "Utuombee sisi wakosefu..."

"Rogelio? Si upande basi!"

Maji tu yakigonga mbao. Aliposali tena, ikaitikia tena, mara hamsini, mpaka upepo ukatulia.

Maji yalipopungua, Rogelio, ambaye hakutoka shuleni siku nzima, alimfuata na ngazi. Akainua uso kutazama dari. Yote ilikuwa imepakwa tope, ukuta hadi ukuta, kwa kuwa maji yalikuwa yameifikia. Ila chini ya pale alipopiga magoti Luzviminda, palikuwa pakavu, pasafi, upana wa mdomo wa mtu.