Jeni ya Ukimya

Risasi ya pili ilitoboa bati shubiri moja kutoka sikioni mwa Kipanga.

Hakuinama. Hakuwa na muda wa kuinama.

Mbele yake, katikati ya makasha ya mizigo, mlanguzi alikuwa akikimbia na mtungi wa chuma, ameukumbatia kama mtoto. Nje ya bohari, ndege ndogo ilikwisha kuwasha injini.

Sauti ya Mkuu wa idara ya ujasusi ilikwaruza redioni. "Mtungi usiruke. Ukishindwa kuuokoa, uteketeze."

Kipanga alikijua kilichomo. Ndani yake mlikuwa na virusi vilivyoundwa na majasusi wa kigeni kuizima jeni moja tu ya binadamu. Kaka yake, mtafiti, ndiye aliyegundua kazi ya jeni hiyo. Alimweleza siku moja jikoni: DNA hujiviringisha ndani ya seli, na bunda lake ndilo kromatini. Jeni ile hutengeneza protini inayoing'ang'ania kromatini na kuzinyamazisha jeni zisizotakiwa kusema. Protini ikikosekana, zote hupayuka kwa pamoja, na seli za ubongo husahau kazi yake.

Majasusi walipoivamia maabara, walimdunga kaka huyo virusi hivyo waone kama vinafanya kazi.

Vilifanya kazi. Asubuhi hiyo kaka alimwuliza mkewe, "Wewe ni nani?"

Tiba aliyoiunda kaka, waliyoiiba maabara, ilikuwa ndani ya mtungi uleule.

Kipanga alifyatua bastola yake, Glock. Mlanguzi akaanguka, ameshika goti. Mtungi ukabingirika hadi miguuni pake.

Aliufungua. Baridi ikamwunguza vidole. Vichupa viwili, vimefanana kama mapacha, lebo zimebanduliwa.

Alimwuliza mlanguzi tiba ni ipi. Mlanguzi akacheka, akasema atamwambia akishafikishwa kwenye ndege. Nyuma yao mlango ulikuwa ukivunjwa. Wenzake mlanguzi walikuwa wanakuja, na bastola ya Kipanga ilibakiwa na risasi moja.

Kipanga alimpigia kaka yake.

"Kaka, siwezi kuvitofautisha."

"Choma vyote, mdogo wangu. Wakikunyang'anya, virusi vitaruka."

"Na wewe je?"

"Choma."

Alipindua pipa la mafuta, akavitupa vichupa kwenye dimbwi, akawasha kiberiti chake cha Zippo.

Moto ulipanda hadi darini, ukawafungia njia waliokuwa wakija. Alimburuta mlanguzi kwa ukosi hadi nje, ambako kikosi cha idara ndipo kwanza kilikuwa kinaizingira ndege, akamkabidhi. Mkuu akampongeza redioni.

Aliizima redio.

Alichomeka bastola kiunoni, akatembea taratibu kuelekea kwenye gari, akairudisha simu sikioni, kaka yake angali hewani. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Kaka, nieleze ulivyoiunda ile tiba. Yote."

"Kabla sijasahau, siyo?"

"Ndiyo, kaka."

Mtafiti alisita muda mrefu, akitafuta neno. Kipanga akafungua mlango wa gari, akaketi, akangoja.

"Protini," sauti ikasema hatimaye. "Tuanze na protini."

Akawasha gari.