Trei ya Kushoto

Walikutana kwa ugomvi, mlangoni pa duka la pembejeo lililofurika watu. Fundi saa, na shati lake jeupe lililopigwa pasi na saa mbovu kadhaa mkononi, alikanyaga mfuko wa karatasi wa dada mmoja mwenye kilemba cha manjano. Ukapasuka.

"Pole, dada. Kumbe ni udongo tu."

"Udongo tu? Kwani wewe, kaka, unakula saa?"

Fundi alicheka, akapiga magoti katikati ya miguu ya wateja, akauzoa wote kwa viganja. Hapo ndipo dada alipompenda, bila kutaka.

Kazini walimwita Bi Mbegu, mpimaji wa mbegu. Udongo ule mweusi, wa chini ya majani yaliyooza, aliuloweka na kuuchuja akapata maji yenye rangi ya kahawa. Aliamini yanaziamsha mbegu kuukuu za vitunguu. Mkuu wake alimpa nafasi moja: Ijumaa alete trei mbili, moja ya maji meusi, nyingine ya maji matupu. Zikilingana, majaribio yafutwe.

Mara mama yake akaugua. Ikabidi asafiri, akamwachia fundi ufunguo wa chumba chenye trei.

"Kulia meusi, kushoto matupu. Usikosee, mpenzi."

"Mimi ninayeshika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, nikosee trei?"

Ijumaa aliporudi na kuzipeleka kazini, trei zote mbili zilikuwa kijani, sawasawa. Mkuu alicheka mbele ya watu. "Kumbe hata maji ya bomba ni dawa!"

Bi Mbegu alimpigia fundi simu akiwa palepale uani pa ofisi.

"Umefanya nini?"

"Mpenzi, za kushoto zilikuwa zimelala tu. Wenzao wamechipua, zenyewe kimya. Nikazionea huruma, nikazitilia meusi kidogo."

"Huruma? Miaka miwili ya kazi yangu umeizika kwa huruma! Ungeniuliza! Usinipigie tena."

Alikiosha kikombe cha fundi mara tatu, kisha akakitupa.

"Hasira hasara, mwanangu," mama yake alimwambia kwenye simu.

"Basi acha nipate hasara, mama."

Wiki mbili baadaye fundi alisimama mlangoni kwa Bi Mbegu, ndevu hazijanyolewa, shati limekunjamana, trei mbili mikononi.

"Nilikwenda kwa mkuu wako, nikakiri. Akanipa mbegu zilezile. Kila asubuhi nimezimwagilia ofisini kwake, mbele ya macho yake. Amehesabu mwenyewe: kulia themanini na moja katika mia, kushoto thelathini. Anakutaka kazini kesho."

Bi Mbegu aliitazama trei ya kushoto, mapengo matupu.

"Na hizi hukuzipa?"

"Hata tone. Roho iliniuma, lakini sikuzipa." Machozi yalimlengalenga, mtu mzima.

"Bado nina hasira nawe."

"Najua."

"Na nitakuwa nazo mpaka siku ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Usiniulize maswali ya kijinga, fundi. Weka trei chini."

Aliingia ndani, akarudi na chupa ya maji meusi, akamtupia kifuani.

"Haya. Zipe sasa."

Fundi akapiga magoti.