Mtu wa Kukaa na Mashine

Karatasi ya kwanza ilitoka kwenye printa saa nane mchana, kabla Nyaguthii hajachomeka waya wa simu.

Alicheka tu, akauchomeka waya. Fundi wa kompyuta aliyezoea vituko vya mashine hashtuki ovyo, tena alikuwa na haraka zake. Saa kumi alitakiwa awe mtaani Kibomet kwa jirani yake Gladwell, alikomwacha Kibe, mtoto wake wa miezi minne asiyetaka chupa hata abembelezwe vipi. Matiti yalishaanza kumuuma.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Zahanati hii ya Kitale ilitaka faksi za tawi lake la Bungoma ziingie kwenye kompyuta zote kupitia mashine moja. Wiki iliyopita Nyaguthii alituma orodha ya mahitaji huko Bungoma: kompyuta isiyozimwa, modemu ya kuiunganisha na simu, laini ya simu ya peke yake, programu ya faksi. Mwishoni akaongeza mtu wa kukaa na mashine. Baada ya siku mbili, vifaa vikafika.

Aliokota ile karatasi. Ilikuwa orodha yake mwenyewe, kila kitu kimetiwa alama ya vema isipokuwa cha mwisho. Ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Akampigia Wamalwa, karani wa Bungoma.

"Orodha gani, madam? Sisi hatujapata kitu. Hapa raini ya simu ilikatwa mwaka juzi, chumba ya faksi ilipoungua."

"Na hivi vifaa, si mmetuma nyinyi?"

"Sisi? Hapana bana." Wamalwa akapunguza sauti. "Madam, toka kwa hiyo chumba. Na usiandike jina lako mahali popote."

Alikuwa ameshaliandika. Programu ilipouliza jina la kituo, alijaza lake, la majaribio tu, kama alivyofanya katika kila ofisi.

Modemu ikalia kwa ile sauti yake nyembamba. Karatasi ya pili ikatoka, na alama ya mwisho ilikuwa imetiwa, wino bado mbichi.

Hofu ikamshika. Aling'oa waya wa simu, akang'oa na wa umeme, na taa ya modemu ikaendelea kuwaka, akakimbilia mlango lakini kitasa kilizunguka bila kushika kitu, akalitaja jina la Yesu, akagonga kwa ngumi zote mbili mpaka vidole vikachubuka, na ndipo akasikia huko nje, karibu kabisa, mtu akiongea kwa sauti ya Nyaguthii mwenyewe.

"Kipkemei, nimemaliza. Wacha nikimbie nikanyonyeshe mtoto."

"Sawa, Mama Kibe," akajibu askari wa mlangoni. "Chukua boda, mvua inakuja."

Nyaguthii akapiga kelele. Kilichotoka kinywani mwake kilikuwa ile sauti nyembamba ya modemu.

Kwa karibu nusu saa simu yake ya mkononi ilikataa kupiga. Ilipokubali, Gladwell alipokea haraka.

"Haloo? Haloo?" Kisha akamgeukia mtu aliyekuwa naye. "Mama Kibe, simu yako iko wapi? Ati inanipigia, na inalia tu kama mashine."

Nyaguthii aliita jina la mtoto. Chumba kikajaa mlio. Upande wa pili alimsikia Kibe akimeza kwa pupa, kama alivyomeza kila siku akishikwa na njaa.

"Niliisahau kazini," sauti yake ikasema taratibu. "Kata tu."

Gladwell akakata. Nyaguthii akaweka mkono kifuani. Matiti yalikuwa yameacha kuuma.