Mchi Katika Nyumba ya Marehemu

Jua la mchana liliwaka mjini Baraka na mtaa mzima ukanyamaza. Wanaume walikuwa ziwani, wanawake sokoni. Nadège alibaki uani peke yake, akifua huku akirudia neno moja la Kiingereza: responsibility. Kesho yake wageni wa kituo cha afya wangemtaka asome karatasi yenye neno hilo mbele yao. Akishindwa, kazi ya ukalimani ingemponyoka, na aliitaka kwa kufa na kupona.

Neno lilimgomea. Mara alimeza katikati, mara alikandamiza mwisho kama Kifaransa.

"Responsibili-TII!" alifoka.

Ndipo akasikia mchi. Mapigo matatu hafifu, moja zito, kisha mawili hafifu. Akaacha kufua. Sauti ilitoka nyumba ya jirani, Mama Clarisse, aliyefia Kazimia na kuzikwa hukohuko. Nyumba ilikuwa imefungwa, na mtaani kwao hakuna atwangaye katika nyumba ya marehemu kabla matanga hayajaisha.

Mchi ukarudia, vilevile.

Nadège alisogea polepole. Mlango sasa ulikuwa wazi. Gizani mtu aliinamia kinu.

"Ingia, mutoto. Unaogopa nini?"

Kumbe ni Pulchérie, binti wa marehemu, aliyefundisha Kiingereza miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

"Yaya, dada yangu, nilizani ni mama yako!"

"Mama amekwenda. Matanga tuliimaliza jana kule Kazimia. Niko natwanga sombe, haya majani ya muhogo, nikakusikia. Ile neno unaibeba yote mara moya, ndiyo maana inakuangusha. Uikate."

Akainua mchi. Kila kipande, pigo moja.

"Re. Spon. Si. BI. Li. Ty."

"Mbona kipande ya ine, ile BI, iko na nguvu?"

"Pale sauti inapanda, inakawia. Zingine uzipite mbio. Kila neno murefu ya Kiingereza iko na pahali yake ya nguvu. Ukiikosa, hawatakusikia."

"Nitaijua namna gani?"

"Dictionnaire, ile kamusi, inaweka ka-alama kadogo mbele ya kile kipande. Uangalie kwanza, kisha utwange."

Wakatwanga pamoja katika ile nyumba tupu, mpaka ulimi ukalainika.

Kesho yake Nadège alisoma. Alipolitamka neno lile, daktari mgeni aliacha kuandika, akamkazia macho. Nadège akaendelea kusoma mpaka mwisho.

"Utaanza Jumatatu," daktari akasema kwa Kiingereza.

Njiani, maneno mengine marefu yalianza kujikata vipande yenyewe kichwani mwake, moja baada ya jingine, wala hakuyaita. Yalimtisha kidogo. Akayatamka yote kwa sauti, akicheka, mpaka wapita njia wakampisha.