Mwizi Aliyepiga Goti

Altare ilikuwa na shimo. Shimo la mraba, katikati kabisa, mahali ambapo jana palikuwa na jiwe lenye masalia ya mtakatifu na mwaka wa kujengwa kwa kikanisa kile. Unga mweupe wa chokaa ulitapakaa sakafuni. Jiwe lenyewe, wapi!

"Usikanyage!" Inspekta alimfokea konstebo wake. "Ukikanyaga hapo nitakupanga zamu ya geti mpaka ustaafu!"

Konstebo aliganda, mguu mmoja hewani. Alimjua bosi wake. Kituoni walimwita Kupe, maana mwanamke yule akishang'ang'ania kesi, haiachi.

Padre alikuwa akizunguka zunguka, jasho linamtoka. "Kati ya siku zote, Inspekta, leo! Mtaalamu wa majengo ya kale anafika mchana huu. Akithibitisha umri wa kikanisa, kinalindwa na sheria. Na ushahidi wetu ni ule mwaka uliochongwa kwenye jiwe. Bila jiwe, kesho tingatinga linaingia."

"Tingatinga la nani?"

Padre alinyoosha kidole mlangoni. Nje, mkandarasi aliegemea gari lake akichokonoa meno. Ndiye aliyepewa na jimbo kazi ya kubomoa na kujenga kanisa kubwa mahali pale pale.

"Mlango haujavunjwa," alisema konstebo. "Kitasa kizima."

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu," alisema padre. "Kwa mkandarasi, tulimpa akapime. Na kwa Mama Mishumaa, mtunzaji wa sakristia, kile chumba cha vyombo vya ibada."

Mama Mishumaa alikuwa benchi la mbele, mtandio umemfunika hadi puani, analia kimya kimya. Alikuwa ameyafua na kuyanyoosha mashuka ya altare ile tangu ujana wake, na baba yake aliifanya kazi hiyo kabla yake.

Inspekta aliinua macho. Lo! Kuta za mawe na chokaa, nene hata mtu angeweza kulala dirishani. Upande wa mashariki, juu ya altare, dirisha la mviringo likimwaga jua la asubuhi moja kwa moja kwenye lile shimo. Juu kabisa, boriti nyeusi zimeshikana kwa vigingi vya mbao, hakuna msumari hata mmoja. Hiki ndicho wanachotaka kukigeuza kifusi?

Alitoka nje mbio.

"Tindo lako liko wapi?"

"Kwenye gari," alijibu mkandarasi. "Matindo ninayo tele. Mimi ni fundi, ulitaka niwe na nini, vijiko?"

"Kikanisa kikilindwa, unakosa kazi."

"Nakosa, ndiyo."

"Basi jiwe umelichukua wewe."

"Dada yangu!" Mkandarasi alicheka kwa hasira. "Niibe jiwe moja la nini? Mimi nayataka yote!"

Konstebo alishatoa pingu. Padre alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyekwisha kuhukumu. Mkandarasi akaacha kucheka. "Mkinifunga kwa wizi wa kanisani, ndiyo nimekwisha. Nani atanipa kazi tena? Watoto wangu wataniangaliaje?"

"Subiri kwanza," Inspekta alisema.

Alirudi ndani, akachuchumaa kando ya ule unga. Kulikuwa na alama ndani yake. Si kiatu. Si kiganja. Duara pana, lililobonyea, limeelekea tabernakulo, kisanduku cha Ekaristi. Na lilikuwa juu ya unga, si chini yake, kwa hiyo aliyeliacha aliliacha baada ya kung'oa jiwe.

"Mungu wangu," alinong'ona, kisha akapiga ukelele, "Konstebo! Kamera! Mwizi wetu amepiga goti!"

"Goti, afande?"

"Amevunja altare, ameiba masalia, halafu kabla ya kuondoka ameipigia tabernakulo goti! Mwizi gani huyu mwenye adabu? Na tazama ncha za vidole vya mguu zilivyoburuta nyuma, kidole gumba kiko upande wa kulia. Ni goti la kushoto."

Hilo ndilo lililomsisimua zaidi. Utotoni, bibi yake alimfinya sikio kila alipokosea goti. Kulia kwa Mungu, mjukuu wangu, kulia!

Aliwaita wote watatu, akawaomba jambo dogo tu, waanzie mlangoni, wapite mbele ya altare, waingie sakristia kuandikisha maelezo.

Mkandarasi alipita mikono mfukoni, anatazama boriti. Padre alipiga goti la kulia bila hata kufikiri. Mama Mishumaa alishika benchi, akauma mdomo, akashuka polepole.

Kwa goti la kushoto.

"La kulia lina nini, mama?" Inspekta aliuliza kwa upole.

"Baridi yabisi, mwanangu. Halikunji tena."

Inspekta aliwafuata wote ndani. Sakristia ilinuka nta. Pembeni, mbele ya kabati la mashuka, mshumaa mmoja ulikuwa unawaka. Hapakuwa na sanamu pale, wala msalaba. Kabati la mbao tu.

"Mama, huu mshumaa umewashiwa nani?"

Mama Mishumaa alivuta mtandio usoni.

Inspekta alifungua kabati. Chini ya mashuka yaliyokunjwa, ndani ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi vizuri, kulikuwa na jiwe.

"Wewe?" Padre alishika ukuta. "Mama Mishumaa, wewe?"

"Masalia siwezi kuyaacha gizani, padre," alisema mama yule, na hapo kilio kikamtoka kwa sauti. "Nimeiba, lakini si mpagani!"

"Kwa nini?" aliuliza Inspekta. "Unakipenda kikanisa hiki kuliko wote."

"Ndiyo maana! Ule mwaka ni wa uongo. Zamani walitaka kukibomoa, nikiwa msichana. Baba akachukua tindo, akauchonga kwa mkono wake, mimi nimemshikia ndoo ya maji. Wakauona, wakaondoka. Kikapona. Lakini tangu siku ile baba hakupokea komunyo tena. Anatandika altare, anawasha mishumaa, halafu anakwenda kukaa benchi la nyuma. Hata kuungama aliogopa. Hadi kufa kwake." Alijifuta pua kwa mtandio. "Leo anakuja msomi. Atalitazama jiwe, atajua. Jina la baba litaburutwa matopeni, na kikanisa kitabomolewa vile vile. Nikaona bora lipotee."

"Na huyu angefungwa bure?" Inspekta alimwonyesha mkandarasi.

Mama Mishumaa aliinama. "Hilo sikuliwaza. Nisamehe, kaka."

Mkandarasi alikohoa, akatazama pembeni.

"Hodi!" Mtaalamu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, nywele zimejaa utando wa buibui. "Samahani, nimewahi, nikapanda mnarani. Hilo ndilo jiwe? Nilitumiwa picha yake. Nilicheka sana."

Mama Mishumaa aliziba uso.

"Tarakimu za daftari la shule hizo," aliendelea. "Mchongaji wa zamani hafanyi hivyo. Lakini mimi sikuja kwa jiwe. Nimekuja kwa zile boriti, kwa vigingi, kwa ile chokaa iliyokaushwa na vizazi. Aliyechonga mwaka huu alikuwa nani?"

"Baba yangu," alisema Mama Mishumaa. Alisimama wima kulisema.

"Basi alidanganya kwa hasara, mama. Amekipunguzia umri. Kikanisa hiki ni kikongwe kuliko jiwe linavyosema, tena kwa mbali. Hakuna wa kukigusa."

Konstebo alipiga makofi, kisha akakumbuka yuko kazini. Padre alicheka na kulia pamoja, akasema kanisa halina mashtaka. Inspekta alimgeukia mkandarasi.

"Mimi pia sina," alisema yule. "Ila jiwe nitalirudisha mimi. Nyie mtaliharibu."

Mama Mishumaa hakuwasikia. Alikuwa ameshatoka sakristia, akichechemea kati ya mabenchi hadi lile la mwisho kabisa, karibu na mlango. Aliweka kiganja juu ya mbao iliyolainika kwa kukaliwa.

"Baba," alisema, "inuka, baba. Twende mbele."