Nusu ya Kichwa cha Meitamei

"Usiniguse kichwa," Meitamei aliniambia, akaushika mkono wangu wenye wembe.

"Lala. Ukikaa tu, umekufa."

"Morani hunyolewa na mama yake, Margareth. Unajua."

Nilijua. Mwaka huo, 1985, tulikuwa tumependana miaka miwili, yeye morani wa Piyaya, mimi muuguzi wa misheni hapa Karatu. Na miaka yote miwili mama yake hakuitikia salamu yangu. Eti msichana wa migombani hajui hata kukamua ng'ombe.

Siku mbili kabla, Meitamei alikuwa ameanguka mnadani ameshika kichwa. Daktari akasema mshipa wa damu kichwani umevimba kama puto na umeshavuja. Ukipasuka tena, hatuna la kufanya. Upasuaji ni Nairobi, ndege siku hiyo saa sita mchana, na wameagiza kwa redio afike amenyolewa.

Kila robo saa nilimmulika macho kwa tochi. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ndiyo basi. Niliogopa, sitaki kudanganya.

Saa tano Land Rover ya misheni ikamleta mama yake, Naisenya, na ngozi ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimu kwa Kimaasai, nikimwita mama.

Akanipita, akatandika ngozi sakafuni.

"Mkalishe hapa."

"Yeyo, akinyanyuka mshipa unapasuka."

"Mwanangu hanyolewi amelala kama maiti."

Meitamei akaanza kujiinua amtii mama yake. Nikambana mabega, aibu nikaiweka kando.

"Yeyo, nichukie mpaka nizeeke, nitavumilia. Lakini usiniulie huyu."

Naisenya akaiokota ngozi, tukaipitisha taratibu chini ya kichwa cha Meitamei, palepale kitandani. Akalowesha nywele kwa maziwa. Sikumkataza, dawa ya kuua vijidudu ningempaka baadaye. Akachukua wembe wangu, misuko myekundu ikadondoka, Meitamei akilia bila sauti.

Alipofika nusu ya kichwa, Naisenya akaninyooshea wembe.

"Nitamkata. Maliza wewe."

"Mimi si mama yake."

"Najua wewe ni nani."

Nikamaliza. Ndege ikaondoka naye.

Wiki sita, kila nikisikia ndege nilitoka nje kutazama. Siku aliposhuka kwa miguu yake, na mshono juu ya sikio, Naisenya alikuwa amesimama kando yangu uwanjani.

"Takwenya, yeyo," nilisema, kwa mazoea tu.

"Iko," akaitikia. "Mumeo amekonda. Utajifunza lini kukamua?"